Pazia limefunguliwa, kura bado

Mwaka 1980 wapiga tromboni 33 walikutana Munich, kusini mwa Ujerumani, kuwania kiti kimoja katika okestra ya jiji, Münchner Philharmoniker. Ukumbi mpya wa okestra hiyo ulikuwa bado unajengwa, kwa hiyo usaili ukahamishiwa Deutsches Museum, jumba la makumbusho ya sayansi na ufundi. Mmoja wa waombaji alikuwa mtoto wa mwanamuziki ambaye wapigaji wa okestra walimfahamu vizuri, na ili pasije pakazuka maneno ya upendeleo, wakatundika pazia. Kila mwombaji aliitwa kwa namba, akapiga, akatoka. Namba 16 alipiga Konzertino ya Ferdinand David na noti moja ikamkwama. Alitoka akiwa ameshakata tamaa, akaanza kufungasha. Hakujua kwamba upande wa pili wa pazia Sergiu Celibidache, mkurugenzi wa muziki, alikuwa amepaza sauti kuwa huyo ndiye wanayemtafuta. Watu 17 waliokuwa wanasubiri zamu yao wakaambiwa waende nyumbani.

Namba 16 alikuwa Mmarekani, jina lake Abbie Conant. Barua ya mwaliko ilimwita Bwana Conant. Alipoitwa ajitokeze, wenye okestra yao wakajikuta wanamtazama mwanamke.

Wapenzi wa muziki wa klasiki wa Ulaya wanakipenda sana kisa hiki, na karibu wote hukiishiza hapo: sikio limeshinda jicho, haki imetendeka, makofi. Mimi kinachonivuta ni yaliyofuata. Kupata nafasi katika okestra ni jambo moja, kuwa mtu wa okestra ni jingine, na kati ya mambo hayo mawili hakuna pazia lolote.

Kwanza tuuangalie usaili wenyewe, maana haufanani na usaili wa kazi nyingine. Vyeti havisaidii, na hakuna anayekuuliza unajiona wapi miaka mitano ijayo. Wiki au miezi kabla ya siku yenyewe okestra hutoa orodha ya vipande vifupi vilivyonyofolewa kutoka katika kazi kubwa, na hunyofolewa pale penye mifupa. Mpiga fidla ataombwa ukurasa wa kwanza wa Don Juan ya Richard Strauss, ambao huanza kwa kasi kama vile muziki ulikuwa umeshaanza kabla yake. Mpiga tromboni ataombwa Tuba mirum kutoka Requiem ya Mozart, pamoja na ile sehemu ya peke yake katika Boléro ya Ravel iliyokaa juu sana kiasi kwamba midomo iliyochoka huiangusha mbele ya watu wote. Mpiga basuni hawezi kuikwepa ile sauti ya kwanza kabisa ya The Rite of Spring ya Stravinsky. Kila kipande ni dakika moja au mbili. Mtu hupiga peke yake muziki ulioandikwa kwa ajili ya watu themanini, akiwasikia wenzake kichwani tu.

Nauli na hoteli ni juu ya mwombaji mwenyewe. Katika okestra kubwa za Marekani kiti kimoja huweza kuvuta waombaji mia na ushei, na si ajabu kamati ikasikiliza siku nzima, kisha ikatangaza kwamba hakuna aliyefaa na usaili utarudiwa.

Aliye nyuma ya pazia haruhusiwi kutoa neno. Akiwa na swali, humnong'oneza msimamizi, na msimamizi ndiye huuliza kwa sauti. Okestra nyingine hutandika zulia kutoka mlangoni hadi kwenye kiti kwa sababu visigino vya viatu vya kike vina mlio wake. Kwingine mwombaji huambiwa avue viatu kabisa aingie na soksi. Haya yote kwa ajili ya watu ambao kazi yao ni kusikiliza muziki, na ambao wangekuapia kwamba hawasikilizi kitu kingine.

Boston Symphony ilikuwa miongoni mwa za kwanza kutumia pazia, mwaka 1952. New York jambo hili lilikuja kwa mashitaka. Mwaka 1969 wanamuziki wawili weusi, mpiga selo Earl Madison na mpiga besi Arthur Davis, waliishitaki New York Philharmonic mbele ya tume ya haki za binadamu ya jiji. Davis hakuwa mtu wa kubahatisha, kwani alishapiga na kurekodi pamoja na gwiji wa jazi John Coltrane. Uamuzi ulitoka mwaka uliofuata. Tume iliona ubaguzi katika namna wapigaji wa muda walivyokuwa wakipatikana, yaani kwa kuitana wenyewe kwa wenyewe, mwalimu akimleta mwanafunzi wake na rafiki akimleta rafiki. Kuhusu ajira za kudumu, tume haikusema hivyo. Hata hivyo, ndani ya miaka michache baadaye pazia likawa jambo la kawaida katika okestra nyingi za Marekani.

Lilisaidia kiasi gani? Mwaka 2000 wachumi wawili, Claudia Goldin na Cecilia Rouse, walichapisha utafiti uliotajwa kila mahali tangu siku hiyo. Walikumbusha kwamba mwaka 1970 wanawake hawakufika asilimia 5 ya wapigaji katika okestra tano kubwa za Marekani, na kwamba kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 walikuwa robo hivi. Walipopitia kumbukumbu za usaili, wakaona kwamba pazia lilimwongezea mwanamke nafasi ya kuvuka hatua za mwanzo. Goldin alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, ingawa kwa kazi pana zaidi ya hiyo. Wanatakwimu wameushambulia utafiti huo. Wanasema idadi ya watu ni ndogo, matokeo yanayumba, na ndani ya majedwali yake yenyewe wapo wanawake waliofanya vibaya zaidi nyuma ya pazia katika hatua ya nusu fainali. Nadhani wana hoja. Nadhani pia hawakuhitajika wachumi kutuambia kwamba mtu aliyesikilizwa bila kuonekana husikilizwa tofauti. Munich walishatuonyesha.

San Francisco, mwaka 1972, pazia lilifanya kazi yake sawasawa. Okestra ya jiji hilo, chini ya mwongozaji Seiji Ozawa, ilitafuta mpiga timpani mkuu. Timpani ni zile ngoma kubwa za shaba ambazo mpigaji huzikaza na kuzilegeza hadi zitoe noti kamili, na anayezipiga hukaa nyuma na juu ya wote, kila mtu akimwona. Aliyechaguliwa ni Elayne Jones, mwanamke mweusi, mzaliwa wa New York, wazazi wake wahamiaji kutoka Barbados. Alisoma chuo cha muziki cha Juilliard, akapiga kwa miaka mingi New York City Opera, kisha akawa na mwongozaji Leopold Stokowski katika American Symphony Orchestra. Uzoefu huo aliubeba kwa zaidi ya miaka ishirini bila okestra yoyote kubwa kumpa kiti. Mwenyewe alikuja kusema kwamba bila pazia asingeipata kazi ile.

Kiti cha okestra za Marekani hutolewa kwa majaribio ya mwaka mmoja au miwili. Baada ya hapo kamati ya wapigaji wenzake na mkurugenzi wa muziki huamua kama abaki moja kwa moja. Mwaka 1974 kamati ya watu saba ilipiga kura juu ya Jones. Walitoa alama, na baadhi yao walimpa alama ambazo mwalimu mwenye huruma asingempa mwanafunzi aliyeshindwa kufika darasani. Kura zikamtoa. Pamoja naye alitolewa mpiga basuni Mjapani, Ryohei Nakagawa. Wasikilizaji waliomshangilia kwa miaka miwili walikasirika, wakaandamana, wakasaini barua. Jones akaenda mahakamani. Kura ikarudiwa mwaka 1975 na jibu likawa lile lile. Upande wa okestra ulishikilia kwamba sababu zilikuwa za kimuziki, na kesi ikaishia hapo. Jones akaendelea kupiga timpani katika San Francisco Opera, jirani kabisa, hadi alipostaafu mwaka 1998. Alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 94.

Okestra ileile iliyosema ndiyo wakati haimwoni ilisema hapana baada ya kukaa naye. Huenda walisikia kitu ambacho dakika kumi za usaili hazikuonyesha. Huenda hawakusikia kitu chochote kipya, ila waliona. Kura ya siri haina maelezo, na hapo ndipo penye tatizo: sababu nzuri na sababu mbaya hutumbukia katika sanduku moja, na zikitoka hazitofautiani.

Abbie Conant naye alishapita kipindi chake cha majaribio, wapigaji wenzake walikuwa wamemkubali. Aliyemgeuka ni yuleyule aliyepaza sauti ya kumtaka. Mwaka 1981 Celibidache alimshusha kutoka tromboni ya kwanza hadi ya pili, na maelezo aliyopewa Conant ni kwamba tromboni ya kwanza inataka mwanamume. Akaenda mahakamani mwaka 1982. Okestra ikadai hana nguvu ya kifua. Basi mpiga tromboni wa kiwango cha kimataifa akapelekwa kliniki ya magonjwa ya mapafu, akapuliza ndani ya mashine, akatolewa damu sikioni kupima hewa inavyofika mwilini. Vipimo vilikuwa juu mno kiasi kwamba wauguzi walidhani ni mwanariadha. Mahakama ikampa haki, okestra ikakata rufaa, na ilipofika mwaka 1988 ndipo aliporudishiwa kiti chake. Ikafuata kesi nyingine juu ya mshahara, maana wenzake wa daraja lake walilipwa zaidi. Alimaliza vita hivyo mwaka 1993, akaondoka kwenda kufundisha chuo cha muziki cha Trossingen. Ni miaka 13 tangu siku ile ya pazia.

Sasa nitoke upande huo kidogo, kwa sababu ni rahisi kumaliza makala kama hii kwa kuwatukana wapiga kura. Okestra ya Berlin, Berliner Philharmoniker, ilizaliwa na uasi. Mwaka 1882 wapigaji 54 walimwacha bosi wao, Benjamin Bilse, alipotaka kuwasafirisha kwa treni daraja la nne hadi Warsaw. Wakaunda okestra inayojitawala, na mpaka leo wanajitawala. Wao ndio humchagua mwongozaji mkuu. Mwezi Mei 2015 walijifungia kanisani kwa saa 11 wakashindwa kukubaliana, wakarudi Juni wakamchagua Kirill Petrenko. Wao pia ndio humchagua kila mgeni. Mwombaji hupiga mbele ya okestra, akikubaliwa huingia majaribio, kisha hupigiwa kura, na ili abaki lazima apate theluthi mbili.

Mpiga klarineti wa kwanza hukaa katikati ya filimbi, obo na basuni. Hao wanne wanatakiwa kuvuta pumzi pamoja, kuanza sauti pamoja bila kutazamana, na kupunguza kila mmoja rangi ya sauti yake mpaka msikilizaji asijue ipi ni ya nani. Kuna wapigaji hodari wanaong'aa peke yao na kuharibu kila wanapokaa. Aliyewahi kuwa katika kwaya ya kanisa au kikundi cha taarabu anamjua mtu huyo, hata anaweza kumtaja jina. Jambo hilo halipimwi nyuma ya pazia. Linahitaji miezi ya mazoezi, safari ndefu, na uchovu wa usiku wa tatu mfululizo. Kwa hiyo hoja ya kwamba mgeni hachanganyiki na wenzake ni hoja ya kweli ya muziki. Ndiyo maana pia ni kichaka kizuri cha kujifichia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Herbert von Karajan, aliyekuwa ameiongoza Berlin kwa zaidi ya robo karne, alimtaka msichana wa miaka ishirini na ushei, Sabine Meyer, awe klarineti ya kwanza. Okestra ilikuwa imempokea mwanamke wake wa kwanza, mpiga fidla Mswisi Madeleine Carruzzo, mwaka 1982. Kwa Meyer walikataa. Kura 73 zilimkataa, nne zilimkubali. Walisema sauti yake haichanganyiki. Karajan akajaribu kulazimisha, akapunguza kazi zake na okestra hiyo hadi kiwango cha mkataba tu, na kwa muda mrefu wakawa hawasemezani vizuri. Mwaka 1984 Meyer alijiondoa mwenyewe, akawa mmoja wa wapiga klarineti wa kujitegemea waliotafutwa zaidi duniani.

Ukiniuliza, kesi ya Meyer sijaweza kuifunga. Upande mmoja kuna wanaume wa okestra iliyokaa miaka mia bila mwanamke, wakimkataa mwanamke. Upande wa pili kuna wafanyakazi wanaojitawala wakimkatalia bosi mzee aliyezoea neno lake kuchukuliwa kuwa sheria. Watu 73 hawakuwa na sababu moja. Wengine walikuwa wanamkataa Meyer, wengine Karajan.

Vienna hali ilikuwa wazi zaidi. Wiener Philharmoniker, iliyoanzishwa mwaka 1842, haimchukui mtu kutoka barabarani. Mpigaji huingia kwanza okestra ya opera ya taifa, akatumikia miaka isiyopungua mitatu, ndipo aombe uanachama. Anna Lelkes alipiga kinubi katika okestra hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini pasipo kuwa mwanachama. Alipokelewa Februari 1997, siku chache kabla ya ziara ya Marekani ambako makundi ya wanawake yalikuwa yamejiandaa kuwapokea kwa mabango.

Mwaka 2020 mhakiki wa New York Times, Anthony Tommasini, alitoa hoja ya kushangaza: pazia liondolewe. Alisema wanawake limewafaa, lakini weusi wako palepale. Ni kweli kwamba takwimu za shirikisho la okestra za Marekani za mwaka 2014 ziliwahesabu wanamuziki weusi kuwa chini ya wawili katika kila mia. Lakini kuliondoa pazia ni kuvunja chumba pekee kilichojengwa sawa. Hata Madison na Davis, zamani zile, hawakuomba kuonekana. Mimi ningeanzia chumba kinachofuata: kila kura ya mwisho wa majaribio iambatane na sababu zilizoandikwa, na mgeni azisome mapema, katikati ya mwaka, wakati bado anaweza kujirekebisha au kujibu.

Wapo waliochoka kusubiri milango ya wengine. Kinshasa, mwaka 1994, Armand Diangienda alianzisha Orchestre Symphonique Kimbanguiste. Alikuwa rubani aliyebaki bila kazi, na ni mjukuu wa Simon Kimbangu, mhubiri ambaye Wabelgiji walimkamata mwaka 1921 na kumweka gerezani Elisabethville, Lubumbashi ya leo, hadi akafia humo mwaka 1951. Diangienda hakufanya usaili. Angeufanya kwa nani? Hakukuwa na wapigaji. Aliwachukua waumini wa kanisa, watu wa soko, mafundi, na kuwafundisha huku naye akijifundisha. Fidla zilikuwa chache kuliko mikono, wakapokezana kwa dakika. Uzi ukikatika, walitoa waya wa breki ya baiskeli. Walifika mahali pa kupiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, na filamu ya Wajerumani ya mwaka 2010, Kinshasa Symphony, inawaonyesha umeme ukikatika nao wakiendelea. Kule Munich mtu huwa hodari kwanza ndipo aombe kuingia. Kinshasa aliingia kwanza, uhodari ukafuata, na kwa baadhi yao haukufika haraka. Mtu mwenye masikio ya Berlin angekunja uso kwa baadhi ya noti. Ila hakuna aliyepigiwa kura kwa sura yake.

Mwezi Septemba 2014 okestra hiyo ilipiga London, katika Royal Festival Hall. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Chi-chi Nwanoku, mpiga besi kubwa, baba Mnigeria na mama Mwairishi, aliyetaka kuwa mkimbiaji wa mita mia hadi goti lilipomkatalia. Alikuwa mwanzilishi mmojawapo wa Orchestra of the Age of Enlightenment, na kwa miaka thelathini alikuwa amezoea kutazama huku na huku jukwaani asimwone mweusi mwingine. Usiku ule aliona jukwaa zima. Swali alilotoka nalo lilikuwa juu ya wenzake wa Ulaya: wako wapi? Alianza kuwatafuta kwa simu, mmoja akimtajia mwingine, yaani kwa njia ileile ya kuitana ambayo tume ya New York iliiona ni ubaguzi, safari hii ikielekezwa upande wa pili.

Wengi aliowapata walikuwa na kazi, kila mmoja akiwa peke yake katika okestra yake. Tarehe 13 Septemba 2015 walipiga pamoja kwa mara ya kwanza katika Queen Elizabeth Hall, ukumbi wa jirani na ule walimopiga Wakongo, kwa jina la Chineke! Mwaka uliofuata Sheku Kanneh-Mason, mpiga selo wa miaka 17 aliyekuwa akipiga nao, akashinda BBC Young Musician, mweusi wa kwanza kushinda tangu shindano hilo lianze mwaka 1978. Shindano hilo halina pazia, hupigwa mbele ya kamera za televisheni.